Mume Wangu Hajalewa: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Afya, Bima na Ustawi wa Jamii

Waheshimiwa,

YAH: UGONJWA USIO NA KISANDUKU KWENYE FOMU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza hivyo kwa sababu niliandika barua za ofisi kwa miaka 11 nikiwa karani, na mkono umezoea. Lakini barua ya ofisi hutakiwa iwe na jambo moja na isizidi ukurasa. Hii itazidi. Nauguza mwaka wa 9 sasa, tena nauguza mtu ambaye kila ninakompeleka naanza kueleza upya, mpaka kueleza kumekuwa sehemu ya kuuguza, kama kufua na kulisha.

Mume wangu ana ugonjwa wa Huntington. Kama ndiyo mara yenu ya kwanza kulisikia jina hilo, hamko peke yenu. Mhudumu wa kwanza niliyemtajia dirishani aliniomba nimtajie herufi moja moja, akaandika, akakitazama alichoandika, kisha akaniuliza kama hiyo ni dawa au ni kampuni.

Alikuwa fundi seremala. Milango ya kigango chetu ni kazi yake, na makabati ya nyumba nyingi huku kwetu, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, yalipita mikononi mwake. Watu wakisikia ni ugonjwa wa kutikisika hudhani ulianza kwa kutikisika. Hapana. Ulianzia kwenye tepu. Alipima fremu, akapima mlango, akakata, na mlango ukaja kuzidi fremu kwa vidole 2. Fundi wa miaka 20! Akacheka, akasingizia macho. Mwezi uliofuata kabati likatoka bila nafasi ya droo. Akawa anapokea kianzio cha mteja huyu, anasahau, anaanza kazi ya mwingine. Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alimrushia mwanafunzi wake randa. Nyumbani anaweza kukaa kimya siku 2, halafu agombe kwa ajili ya chumvi.

Majirani walisema pombe. Mama mkwe akasema mkono wa mtu. Mimi nikasema mwanamke wa nje, tena nikalisema kwa sauti mbele ya watoto. Laiti ningalijua kwamba ugonjwa huu mara nyingi huingilia tabia na uwezo wa kupanga mambo miaka kadhaa kabla mwili haujaanza kucheza, nisingalilisema. Nimemwomba radhi. Alinitazama kama mtu anayesikia habari za watu wengine.

Mwili ulipoanza, ulianza na vidole vya miguu usiku, kisha mabega, kisha uso. Sasa mkono unaruka wenyewe, shingo inapinda, goti linakatika katikati ya hatua, na kwenye vijia vyetu vya kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo tunamoishi, mfereji huku na tuta kule, kumtembeza ni kazi ya watu 2. Madaktari wanakuita kuchezacheza huko korea, kutokana na neno la Kigiriki la ngoma. Wifi yangu alipoliona kwenye karatasi aliuliza kaka yake alikwenda Korea lini. Tulicheka siku ile, na mgonjwa akacheka kuliko sisi sote. Nawaambieni hilo msije mkadhani nyumba yetu ni ya machozi tu.

Chanzo kinajulikana vizuri kuliko cha magonjwa mengi tunayoyatibu kila siku. Kwenye kromosomu ya 4, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba mwilini, kuna jeni moja ambayo ndani yake herufi 3 za vinasaba, C, A na G, hujirudia mfululizo. Kila mtu anazo. Zikijirudia mara 40 au zaidi, mwenye nazo ataugua akiishi umri wa kutosha. Kati ya 36 na 39 huenda akaugua, huenda asiugue. Dalili kwa kawaida huja kati ya miaka 30 na 50, wakati mtu ameshaoa, ameshazaa, ameshajenga. Kuanzia hapo ni safari ya miaka 15 hadi 20. Dawa ya kuuponya haipo. Zipo za kupunguza kucheza kwa mwili na za kutuliza hasira na huzuni. Mume wangu anatumia haloperidoli, dawa ya zamani ya wagonjwa wa akili, inayomtuliza mikono na kumlaza usingizi mzito. Tunaichukua kliniki ya magonjwa ya akili, na kila anayetuona kwenye benchi lile ameshapata jibu lake kabla ya kutusalimu.

Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike kwa wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Ukoo wa mume wangu haukuhitaji kromosomu kulijua hilo. Baba mkwe aliondoka hivi hivi, na shangazi yake kabla yake. Wazee walichinja mbuzi, wakaita watu wa maombi, nyumba moja ikahama kihamba kabisa. Sababu waliikosea, lakini hesabu waliipata: kwamba kuna nyumba unaingia na nyumba unaacha, na ukishaiacha nyumba haurudi tena kwa wajukuu. Ndivyo ulivyo hasa. Mtoto ambaye hakurithi hana cha kuwapitishia wanawe.

Husemwa mficha maradhi kilio humfichua. Sisi hatukuficha. Hatukuwa na jina la kutaja.

Na jina lilikuwapo. Daktari kijana wa Marekani, George Huntington, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1872, baada ya kuziona familia ambazo baba yake na babu yake, nao madaktari, walizitibu kabla yake. Mwaka 1981 jarida moja la vinasaba la Uingereza lilichapisha makala juu ya ugonjwa huu hapa hapa Tanzania. 1981, Waheshimiwa. Mume wangu alikuwa hajaanza shule, na baba yake ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuangusha vikombe. Makala ile haikupanda mlima kufika kwetu.

Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993, na ilipatikana kwa damu ya watu kama sisi: familia za wavuvi maskini kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako ugonjwa umeenea katika koo nzima. Mtafiti Nancy Wexler, ambaye mama yake mwenyewe alifariki kwa Huntington, alikwenda kule mwaka hadi mwaka na wenzake, wakichora miti ya koo na kuchukua damu, mpaka mwaka 1983 wakajua jeni iko kwenye kromosomu ipi. Huwa nawawazia akina mama wa kule wakinyoosha mkono wachomwe sindano, huku wamekalia ndoo. Huku kwetu miti ya koo ipo, imo vichwani mwa bibi zetu, na bibi zetu wanakwisha.

Niwape tukio moja. Miaka 4 iliyopita, wakati bado aliweza, alishuka mjini peke yake kununua misumari. Sokoni akamgonga mama muuza nyanya, meza ikaenda chini. Wakasema amelewa. Akajibu, na ulimi wake ulikuwa umeshaanza kuwa mzito, kwa hiyo jibu lenyewe likawa ushahidi. Alipigwa makofi, akalala mahabusu na harufu ya nyanya nguoni. Mtu ambaye tangu ujana wake hakuwahi kuinua kata ya mbege! Sitaji ni wapi wala ni nani. Aliyenikabidhi asubuhi alikuwa muungwana, akaniambia: "Mama, mngekuwa na karatasi tungejua."

Karatasi ninayo sasa. Daktari bingwa alituandikia: jina, umri, ugonjwa, na kwamba kuyumba kwake si ulevi. Nimeilaminisha, nimeitoboa tundu, anaivaa shingoni ndani ya shati. Makondakta wameisoma, walinzi wa benki wameisoma, mgambo wameisoma. Lakini ni barua ya mtu mmoja mwema. Haina namba, haina kanuni nyuma yake, na kila anayeisoma ana hiari ya kuiamini au kucheka. Daktari yule akihamishwa, nitaanzia wapi?

Hili ndilo ombi langu, na mengine yote yananing'inia hapo. Ugonjwa huu, na mingine ya aina yake inayokula ubongo na neva polepole, upewe karatasi inayotambulika: kadi moja inayotolewa na hospitali ya rufaa, ambayo polisi, bima, ustawi wa jamii na mwajiri wote wataisoma kwa maana moja. Wapo wenye ataksia, ugonjwa wa kupoteza mizani ya mwili, ambao nao huitwa walevi. Wapo wenye ugonjwa wa neva za mwendo, misuli inakauka mpaka pumzi inakuwa kazi huku wengi wao akili ikiwa timamu, na watu wanazungumza juu yao kama hawasikii. Kila mmoja wao ana mtu nyuma yake anayeeleza upya dirishani.

Nilikwenda ofisi moja kumwandikisha mume wangu kama mtu mwenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 naifahamu. Kijana aliyekuwa na fomu alikuwa na visanduku vyake: viungo, macho, masikio, ngozi, akili. Akaniuliza, anatembea? Anatembea. Anaona, anasikia? Ndiyo. Ni kichaa? Nikasema si kichaa. Akaweka kalamu chini, kwa upole kabisa, na kunitakia siku njema. Kwa hiyo katika daftari lile mume wangu ni mzima. Mzima huyu hawezi kufunga kifungo cha shati, hawezi kusaini jina lake, na ukimwacha na jiko la mkaa dakika 5 umeichoma nyumba.

Siku yetu yote ni chakula. Mwili unaocheza kutwa unateketeza chakula kama wa mtu aliye shambani na jembe, na mgonjwa wa Huntington hukonda hata akila sawa na wengine. Inabidi ale mara 5 au 6. Lakini koo nalo limepoteza mpangilio: chai inakwenda njia ya hewa, wali unamkaba. Wengi wao huondolewa na nimonia, chakula kikishaingia mapafuni. Haya sikufundishwa na mtu. Niliyajua Jumapili ya Pasaka, alipokabwa na mnofu wa nyama mezani mbele ya wageni, midomo ikabadilika rangi, na shemeji yangu mwenye mikono mikubwa akampiga mgongoni mpaka ukatoka.

Kuanzia siku ile nikarudi kwenye mtori. Huku mtori ni chakula cha mzazi: ndizi na nyama vilivyopondwa hadi vikawa uji mzito, anapewa mwanamke aliyejifungua apate nguvu na maziwa. Jirani alipoona sufuria ile jikoni kila siku akaniuliza nani amezaa. Nikamwambia, Baba Watoto. Natia siagi, natia parachichi, natia maziwa ya mgando. Kijiko ni kidogo, cha mpini niliouviringishia kitambaa ukanenepa ili siku akiwa na nguvu ashike mwenyewe. Kidevu kinaelekea kifuani wakati wa kumeza. Haongei, wala redio haifunguliwi, maana akisikia taarabu anataka kuimba. Akimaliza anakaa wima nusu saa nzima. Mlo mmoja hauchukui chini ya saa moja, na ninapoosha sufuria ya asubuhi ndizi za mchana zinakuwa zimeshamenywa.

Niliyoandika kwenye aya hiyo moja yangeweza kufundishwa kwa mchana mmoja. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 nchi nzima. Ni jambo jema, na binti anayepita kwetu ana adabu na anajua kazi. Naomba daftari lake liongezwe ukurasa mmoja: namna ya kumlisha mtu anayemeza kwa shida, namna ya kumgeuza kitandani, dalili za nimonia kabla haijamlaza. Mtasema ukurasa mzima kwa ajili ya ugonjwa wa familia chache? Hesabuni nyumba zenye mtu aliyepooza kwa kiharusi. Hesabuni wazee waliosahau hata majina ya wanao. Wote wanakabwa vilevile. Ugonjwa wetu ni adimu, lakini taabu zake nyingi ni za kawaida kabisa, na anayetuhudumia sisi atakuwa amejifunza kuwahudumia wengi.

Usiku ni hadithi nyingine, nitaifupisha. Kitanda alichokitengeneza mwenyewe alikivunja. Analala chini kwenye magodoro 2, la tatu limeegeshwa ukutani. Saa 9 usiku anaweza kuuliza kama mteja wa kabati amekuja. Nikimjibu hajaja, anauliza tena. Swali moja, mara 30, kwa sauti ile ile. Ubongo ukishashika jambo hauliachii; ni sehemu ya ugonjwa, nimeelezwa. Kuelezwa hakukunizuia usiku mmoja kutoka nje na kukaa kwenye kizingiti cha jiko nikimchukia. Nimeandika neno lenyewe kama lilivyo. Asubuhi nilimwogesha, akashika ncha ya kanga yangu asianguke, na yale ya usiku sikuyaona tena. Ningependa pawe na mtu wa kumwambia mambo kama haya ambaye si mchungaji wala mama yangu. Na ningependa pawe na kitanda, hata kimoja kwenye hospitali ya wilaya, ambapo mtu wa namna hii anaweza kupokelewa siku 5 kwa mwaka, wala si kwamba amezidiwa, ila anayemuuguza akalale.

Kuhusu kazi yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki, na pia mume au mke akifariki. Isomeni polepole. Mwenzi akifariki. Mwenzi akiugua hayumo. Marekebisho ya hivi karibuni yameleta likizo ya dharura isiyo na malipo, nashukuru, ila sijui nani ana dharura ya miaka 15. Mwajiri wangu alinivumilia kadiri alivyoweza, kisha nikaondoka mwenyewe kabla hajachoka. Sasa nafuga kuku wa mayai na kushona sare za shule. Nepi za watu wazima, kwa bei ya dukani kwetu, ni Sh 2,000 moja. Akitumia 3 kwa siku ni Sh 180,000 kwa mwezi, nami kuna miezi ambayo kuku na cherehani kwa pamoja havifiki hapo. Kwa hiyo nakata vitenge chakavu, nakunja mara 4, nafua. Mvua za masika zikishika, hakuna kinachokauka.

(Desemba ndugu hupanda mlima kutoka Dar, Arusha na Mwanza. Kila gari na ushauri wake: mlonge, asali mbichi, maji ya baraka, daktari fulani aliyeonekana kwenye televisheni. Wananipenda, najua. Januari magari yote yanarudi na ushauri unabaki kwangu.)

Nimekuwa nikiliahirisha hili linalofuata.

Tuna watoto 3, na wa kwanza ni binti wa miaka 24. Mwaka jana alipata mchumba. Kijana mwenyewe hana neno. Lakini mnajua taratibu zetu: kabla ya posa wazee huulizia ukoo, kuna kifafa, kuna kichaa, kuna uchawi? Waliulizia, wakajibiwa na mtu wa njiani, na posa haikuja. Usiku ule binti akaniuliza: "Mama, nikapimwe?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Akikutwa hana, amefunguliwa yeye na kizazi chake chote. Akikutwa nayo, atakuwa ameambiwa akiwa na miaka 24 atakavyokuwa kwenye godoro lile, na hakuna dawa ya kumpa pamoja na jibu. Katika nchi zenye huduma hii watu wengi walio hatarini huchagua kutopimwa, na hakuna anayepaswa kuwalazimisha. Anayetaka hukaa kwanza na mshauri, zaidi ya mara moja, ndipo damu itolewe. Na mtoto wa chini ya miaka 18 asiye na dalili hapimwi, hata mzazi akiomba. Utaratibu huu haukuwekwa kwa urasimu. Jibu kama lile likimkuta mtu peke yake linaweza kumuua kabla ya ugonjwa.

Damu ya mume wangu ilisafirishwa nje kwa hisani ya daktari, na jibu lilirudi baada ya miezi 7. Wakati huohuo, uwezo wa kusoma vinasaba nchini upo: tuna Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba kwa kesi za jinai na za ubaba wa mtoto. Tunaweza kumjulisha mwanamume kama mtoto ni wake. Tujengeni na uwezo wa kumjulisha kama mtoto huyo atahitaji kulishwa kwa kijiko akifika miaka 45, kwa ridhaa ya mtoto mwenyewe akishakua. Na msiishie kwenye kipimo kimoja. Kuna ugonjwa pacha wa huu, unaofanana nao karibu kwa kila kitu ila jeni yake ni nyingine. Ulitambuliwa mwaka 2001, na karibu wote waliokutwa nao duniani ni watu wenye asili ya Afrika. Afrika Kusini wanaupima. Mgonjwa wa huku akipimwa Huntington peke yake akaambiwa hana, anaweza kurudi nyumbani akishangilia wakati hajajibiwa.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, ni ya siku kipimo kitakapokuwa rahisi kama cha malaria. Wakwe watakidai. Mwajiri atakidai. Bima itauliza kwa lugha laini. Mtakapoandika kanuni, andikeni mapema kwamba damu ya binti yangu ni siri yake, na kwamba hakuna wa kumtaka aipime ili aolewe, aajiriwe au akatiwe bima.

Siwaombi kitu ambacho dunia haijakitaja. Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliridhia mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa neva, unaokwenda mpaka mwaka 2031, na shabaha mojawapo ni kwamba asilimia 75 ya nchi ziwe zimeingiza magonjwa hayo kwenye sera zao kufikia mwaka huo. Mei 2025 likapita azimio la magonjwa adimu. Moja moja ni machache kweli. Ulaya huita adimu ugonjwa usiozidi watu 5 kati ya 10,000. Ukiyajumlisha yote, wanaoishi nayo duniani wanazidi milioni 300. Nasi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mnapopanga kitita cha huduma, nepi, haloperidoli na kiti cha kuogea vikumbukwe, na mtu wa kumfundisha mke namna ya kulisha. Ni vitu vya bei ndogo. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mashine.

Kama kuna mmoja wenu atakayetaka kuona kabla ya kuandika, karibuni. Ukishuka kwenye daladala uliza kwa fundi, bado wanamwita hivyo. Njoo kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, ndiyo saa yake nzuri. Ataelewa kila utakachosema, ila mpe muda wa kujibu, maneno yake yanachelewa kutoka. Akikurushia mkono hajakupiga. Mlango wa mbele umezidi fremu kwa vidole 2 na amekataa usiguswe na fundi mwingine, kwa hiyo usibishe hodi ukasubiri. Usukume kwa bega.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mke wa fundi